Simba wa Juu ya Ngorongoro

Watu wengi hupanda Ngorongoro kila mwaka kwenda kumtazama simba. Hutoka nchi za mbali, hupita Mto wa Mbu, hukwea ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Karatu, hulala hapo usiku mmoja, na alfajiri huteremka ndani ya kreta kabla ukungu haujaondoka. Wakirudi jioni nao wamemwona simba, husema safari yao imekuwa na faida. Twawatakia heri. Lakini yuko simba wa pili wa Ngorongoro, asiyehitaji kiingilio wala gari, ambaye mtu wa Karatu aweza kumwona akiwa ameketi mlangoni pake. Na huyo aghalabu hatazamwi na mtu yeyote, mgeni wala mwenyeji. Leo twapenda kuandika habari zake, kwa sababu shingoni mwake pamegunduliwa jambo ambalo, kwa maoni yetu, latuhusu zaidi ya tudhanivyo.

Wazee wa pwani walimwita Asadi, yaani simba kwa Kiarabu, nao walimhesabu kuwa wa tano katika buruji kumi na mbili za mwaka. Mwezi wa Februari, kabla ya masika kuanza, hutokea upande wa mashariki, akielekea kidogo kaskazini, kadiri ya saa moja na nusu ya usiku. Hutanguliza kichwa, na usiku wa manane huwa amepanda juu kabisa. Miezi ya Juni na Julai, mawingu ya masika yakiisha kutawanyika, huonekana upande wa magharibi mara giza liingiapo. Alama yake kubwa ni nyota sita zilizopangwa mfano wa mundu, chombo ambacho mkulima wa Karatu hana haja ya kuelezwa. Mwisho wa mpini wa mundu huo ipo nyota nyeupe iitwayo Regulus, ambayo Waarabu waliiita moyo wa simba. Ukihesabu kuanzia hapo na kuufuata mundu, nyota ya tatu, yenye rangi ya dhahabu, ndiyo tuitafutayo. Jina lake ni Algieba, nalo latokana na neno la Kiarabu la paji la uso, ijapokuwa wachoraji wa Ulaya waliiweka shingoni penye manyoya.

Wachoraji hao walikaa kaskazini, nao humwona simba huyu amesimama kwa miguu yake. Sisi tulio nyuzi tatu tu kusini ya Ikweta twamtazama kwa upande mwingine, hata akifika juu huonekana amelala chali, miguu ikielekea utosini mwa anga, kama simba aliyeshiba nyama ya nyumbu na hana haraka ya kuondoka.

Kwa macho matupu Algieba ni nyota moja. Mwaka 1782 William Herschel, mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath huko Uingereza, aliielekezea darubini aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe, akaona kuwa ni mbili. Mtu huyo alisugua vioo vyake nyumbani usiku na mchana, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuigundua sayari ya Uranus, hata mfalme akamwajiri. Twataja habari hizi kwa ajili ya vijana wetu wa karakana, ambao mara nyingi huambiwa kwamba elimu ya nyota ni ya watu wasioshika patasi.

Nyota hizo mbili za Algieba zazungukana, kila moja ikimvuta mwenziwe, na mzunguko wao mmoja huchukua zaidi ya miaka 500. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, zilianza duru ambayo ni katika zama zetu hizi tu inakaribia kutimia. Tangu Herschel azione hazijafika hata nusu ya njia. Ndiyo maana wanafalaki wa leo hutumia vipimo vilivyoandikwa na watu waliokufa zamani, nao huandika vipimo vyao kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa.

Tena zote mbili ni majitu. Neno hili ni istilahi ya wataalamu wala si mapambo yetu, na yafaa lielezwe. Nyota yoyote, Jua letu likiwa mojawapo, ni kama tanuri ambalo kuni zake ni gesi ya haidrojeni. Ndani kabisa ya kiini chake, kwa joto na mgandamizo usio na kifani, haidrojeni hugeuzwa kuwa heliamu, na katika kazi hiyo hutoka mwanga na joto. Kuni za kiini zikiisha, mtu angetazamia nyota ipoe na kunywea. Kumbe huwa kinyume. Kiini hujikunja kwa uzito wake na kuzidi kuwa cha moto, haidrojeni iliyokizunguka huanza kuungua kwa nguvu mpya, nalo gamba la nje husukumwa na kufura. Kwa kufura huko uso wa nyota huwa mbali na moto wake, hupungua joto, na rangi yake hugeuka kuwa ya dhahabu au ya chungwa. Hiyo ndiyo nyota jitu: nyota iliyozeeka, nayo katika uzee wake imekuwa kubwa na yenye mwanga mwingi kuliko ilivyokuwa ujanani.

Kubwa kati ya hizo mbili ina upana wa Jua mara 30 hivi. Kama Jua lingekuwa limau, nyota hii ingekuwa gurudumu la nyuma la trekta, kama yale yanayolima mashamba ya ngano ya Karatu. Mwanga wake ni wa majua karibu 300. Mwenziwe ni mdogo zaidi, upana wa Jua mara kumi hivi, lakini naye amekwisha kuingia katika daraja hilo la majitu.

Umbali wake ni karibu miaka 130 ya mwendo wa nuru. Nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa kila sekunde, na kwa mbio hizo yahitaji miaka 130 kutoka Algieba hadi Karatu. Basi nuru inayoingia machoni mwetu katika miaka hii iliondoka huko karibu na wakati ule Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza aandikwaye kuwa aliiona kreta, alipoteremka Ngorongoro mwaka 1892. Ilikuwa njiani wakati Wajerumani walipowapa ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf mashamba ndani ya kreta. Ilikuwa njiani Waingereza walipokuja. Ilikuwa bado njiani mwaka 1959, hifadhi ya Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti, na mwaka uo huo Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Olduvai. Na bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1961 ilikuwa imevuka kidogo tu nusu ya safari yake.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka 2009 ilitangazwa kwamba nyota ile kubwa ya Algieba inazungukwa na sayari. Waliotangaza walikuwa Inwoo Han na wenzake wa Korea ya Kusini, wakisaidiana na wataalamu wa nchi nyingine. Hawakuiona sayari yenyewe. Hakuna darubini iliyopata kuiona, kwa kuwa imezamishwa katika mwanga wa jitu lake kama kimulimuli kando ya taa ya lori. Waliona jitu likiyumba.

Msomaji aliyepata kumzungusha mtoto kwa kumshika mikono anaijua siri hii. Mtoto huenda duru kubwa, na mtu mzima naye, hata akijikaza vipi, huyumbayumba pale aliposimama. Anayetazama kwa mbali katika giza, asipomwona mtoto, aweza kumjua kwa kuyumba kwa mkubwa. Vivyo hivyo nyota yenye sayari hutujia kidogo, kisha hutukimbia kidogo, kisha hutujia tena. Ikitujia, rangi za nuru yake husogea kidogo upande wa buluu. Ikitukimbia, husogea upande wa nyekundu. Honi ya basi hufanya jambo kama hilo katika sauti: lijapo honi ni nyembamba, likishapita yawa nzito.

Ugumu ni kwamba kusogea huko ni kudogo mno. Jitu la Algieba huyumba kwa mwendo wa mita 200 hivi kwa sekunde, na ukilinganisha na mbio za nuru hiyo haifiki sehemu moja katika milioni. Ili kupima jambo dogo namna hii, Wakorea waliipitisha nuru ya nyota katika chupa yenye mvuke wa aidini, dawa ileile tunayopakwa penye jeraha, kwa sababu mvuke huo hutia katika nuru mistari mingi myembamba isiyobadilika mahali pake, nayo huwa kama rula ya fundi cherehani. Kisha wakarudia. Wakarudia tena mwezi uliofuata, na mwaka uliofuata, mpaka walipokuwa na hakika kwamba jitu linakwenda na kurudi kwa kipindi cha siku 429 hivi. Hakuna usiku mmoja katika kazi hiyo ambao ungeleta habari yoyote kama ungekuwa peke yake.

Kutokana na kuyumba huko hesabu hutoa mengi. Sayari hiyo ina uzito usiopungua karibu mara tisa wa Mshtarii, ambayo ndiyo sayari kubwa kupita zote za Jua letu, nayo Mshtarii peke yake ina uzito wa dunia 318. Umbali wake kutoka kwa jitu lake wapita kidogo tu umbali wa Dunia na Jua. Mtu angedhani basi kwamba huko hali ya hewa ni kama ya kwetu. Sivyo. Jitu likiwa na mwanga wa majua karibu 300, sayari hupokea joto mara 200 kuliko sisi, na jua lake huonekana pana mara 25 na zaidi kuliko Jua tulionalo likitua nyuma ya Kreta. Usiku wake nao si usiku hasa, kwa maana nyota ile ya pili, kila iwapo juu, huangaza kuliko mbalamwezi yetu mara mamia. Ni sayari ya gesi, isiyo na ardhi ya kukanyaga.

Lakini haikuwa daima hivyo. Jitu hilo, lilipokuwa nyota changa, lilikuwa na uzito usiopishana sana na wa Jua letu, na mwanga wake ulikuwa wa kadiri. Sayari yake iliishi kwa mamilioni ya karne katika umbali wa kadiri, ndipo jua lake lilipoanza kufura. Jua letu nalo litaingia njia hiyo, kuni za kiini chake zitakapokwisha, baada ya miaka kama milioni elfu tano. Msomaji asiharakishe kuuza shamba. Hata hivyo, anayetaka kujua mwisho wa Jua hana haja ya kupiga ramli. Ainue macho amtazame Simba.

Yatupasa kusema pia kwamba majitu ni mashahidi wasumbufu. Nyota iliyofura hupumua, yaani uso wake hupanda na kushuka, na kupumua huko kwaweza kufanana na kuyumba kwa kuvutwa na sayari. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa Aldebaran, ile nyota jitu nyekundu ya buruji ya Thauri, ina sayari. Mwaka 2019 wataalamu wengine walipima upya wakatia shaka. Jitu jingine la kundi la Joka lilionyesha dalili zote za kuwa na sayari kwa miaka mingi, kisha dalili zikatoweka, kisha zikarudi na tofauti, nayo habari hiyo ikaandikwa wazi mwaka 2018 ili wengine wajihadhari. Iko pia nyota jitu iliyo mojawapo ya nyota pacha huko kaskazini ya mbali, iitwayo Errai, maana yake mchungaji, ambayo kwetu Karatu hupita chini karibu na upeo wa macho. Sayari yake ilishukiwa mwaka 1988 na wataalamu wa Kanada, wakaingia shaka wenyewe wakaiacha, ikathibitishwa karibu na mwaka 2003. Twaipenda tabia hii ya wanafalaki. Sayari ya Algieba imo katika orodha, wala haijaondolewa, nao waendelea kuiangalia jitu lake kwa jicho la mashaka kama lilivyo jicho la karani mwema juu ya daftari la hazina.

Sasa tumtazame aliyegundua. Darubini waliyotumia iko juu ya mlima Bohyun, ina kioo cha upana wa mita 1.8, na kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1996. Kwa vipimo vya dunia ya leo hiyo ni darubini ndogo; zipo zenye vioo vya mita nane na kumi. Na Korea ya Kusini ni nchi ambayo mwaka 1953 ilitoka vitani ikiwa majivu matupu, na hata tulipopata Uhuru wetu ilihesabiwa miongoni mwa nchi maskini. Wananchi wake waliijenga darubini hiyo, wakaitumia, kisha wakaona fahari hata wakaichora nyuma ya noti yao ya won 10,000, ambayo imekuwa mikononi mwa wachuuzi na wapiga debe wao tangu mwaka 2007. Sisi twaitazama noti hiyo kwa wivu, na hatuoni haya kusema hivyo.

Wivu wetu una sababu. Anga ya Korea ni ya kaskazini. Nyota za kusini hazichomozi kwao kabisa. Karatu ipo mahali ambapo, katika muda wa mwaka mmoja, karibu kila nyota ya anga yote yaweza kuonekana, za kaskazini na za kusini. Kuanzia uwanda wa juu wa Karatu kwenda kusini-magharibi, nchi hushuka kuelekea Mang'ola na ziwa Eyasi, penye ukavu, kwa kuwa milima ya Oldeani na Ngorongoro huzuia sehemu kubwa ya mvua. Ukingo wenyewe wa kreta hatuusifu kwa kazi hii, kwa maana huko juu, mita 2,300 na zaidi, ukungu hukaa kama mwenye nyumba. Lakini huko chini upande wa Eyasi usiku ni mkavu na mweusi, na mji mkubwa uko mbali.

Wala weusi huo si mgeni kwa watu wa huko. Wahadzabe wakaao kando ya Eyasi huicheza ngoma yao ya epeme usiku usio na mwezi, moto wote ukiwa umezimwa. Kwao giza ni sharti la ibada, si upungufu wa taa. Wamasai wa Ngorongoro waliziangalia nyota za Kilimia kujua mwenendo wa mvua na malisho. Na jina hilo lenyewe la Kilimia, ambalo limo hata katika Kitabu cha Ayubu cha Biblia ya Kiswahili, latokana na kulima, kwa kuwa wazee wetu waliziona nyota hizo zikipanda wakachukua jembe. Hawakuwa na darubini. Walikuwa na giza, na kumbukumbu, na desturi ya kuinua macho.

Giza hilo sasa lapungua. Tangu barabara ya lami ilipofika Karatu, mji umekua, nasi twafurahi kwa kila nyumba iliyopata umeme. Tusichofurahia ni taa zimulikazo mawingu. Zipo nyumba za wageni ambazo taa zao za uani zimeelekezwa juu, kwenye mti au ukutani, usiku kucha, na robo tatu ya mwanga wake haimfai mlinzi wala mpita njia; hupanda angani, hugonga vumbi na mvuke, na kulifanya giza kuwa kijivu. Mgeni amelipa fedha nyingi kuja kuona pori, na usiku huwekewa anga ileile aliyoiacha mjini kwake. Kofia ya bati juu ya taa, na kuigeuza imulike chini, yatosha. Fundi wa Karatu aweza kuifanya asubuhi moja, na luku itadumu zaidi, maana balbu ndogo imulikayo chini hufanya kazi ya kubwa imulikayo kotekote.

Tunajua jibu tutakalopewa. Tutaambiwa: maji kwanza, zahanati kwanza, madawati kwanza, nyota zitangoja. Jibu hilo tunaliheshimu, kwa kuwa wanaolitoa mara nyingi ni watu wanaochota maji kwa mbali. Lakini kofia ya bati haimnyang'anyi mtu ndoo ya maji. Na darubini ndogo, ya kioo cha sentimeta saba au nane, ambayo yaweza kuitenga Algieba ikaonekana nyota mbili za dhahabu, bei yake ni ndogo kuliko bei ya pikipiki. Shule ya sekondari yenye moja, pamoja na mwalimu wa fizikia asiyelala mapema, yaweza kuwaonyesha wanafunzi kwa macho yao jambo ambalo kitabu hulitaja kwa mstari mmoja tu. Mtoto aliyeona nyota pacha kwa jicho lake hataambiwa tena kwamba hesabu za mvutano ni mambo ya Wazungu.

Kwamba wananchi wana hamu, hilo halina shaka. Tarehe 1 Septemba, 2016, Jua lilipopatwa likabaki pete, watu wengi walikusanyika Rujewa mkoani Mbeya kutazama, wakubwa kwa watoto. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amefanya kazi ya miaka mingi kuwaeleza wasomaji wa magazeti habari za anga. Majirani nao hawakulala. Waethiopia wana kituo cha darubini mbili za mita moja juu ya mlima Entoto, Addis Ababa, nao wamekwisha kuonja taabu ya taa za mji mkubwa kukaribia kituo. Waafrika Kusini wana darubini kubwa ya Sutherland tangu mwaka 2005. Na pwani ya Kenya, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba, 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa nchi hiyo, kilirushwa chombo cha kutazama miale ya eksirei kutoka angani, kikapewa jina la Uhuru. Chombo hicho kilionyesha kwamba nyota kadhaa zitoazo miale hiyo ni nyota pacha, jitu likinyonywa na mwenziwe mdogo mzito. Kwa hiyo neno Uhuru, kwa Kiswahili hiki hiki, limo katika kila kitabu kikubwa cha falaki duniani.

Tena majina yetu yamekwisha kupanda juu. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliipa kila nchi nyota moja na sayari yake izipe majina, na Tanzania ikachagua Mpingo kwa nyota na Tanzanite kwa sayari, jiwe lichimbwalo Mererani, mwendo wa saa chache kutoka Karatu. Mwaka 2023 yakatangazwa majina ya Orkaria na Enaiposha, yaliyopendekezwa kutoka Kenya: udongo mwekundu na maji makubwa, kwa lugha ya Kimasai isemwayo Ngorongoro. Ni jambo jema. Lakini Mpingo ni nyota isiyoonekana kwa macho matupu, umbali wake ni zaidi ya miaka 1,000 ya nuru, na sayari yake iligunduliwa na wengine. Sisi tulialikwa kwenye ubatizo. Twatamani siku ambayo tutaalikwa kwenye uzazi.

Sayari ya Algieba, kwa upande wake, haina jina. Katika vitabu huandikwa kwa herufi ya Kiyunani na namba, kama mzigo wa stesheni. Huenda siku moja itatolewa ipewe jina, na huenda nchi nyingine italitoa. Haidhuru. Vipimo vyake bado vyatakiwa, kwa kuwa jitu lile lapumua na shaka haijaisha, na duru ya miaka 500 haijapimwa ikatimia.

Anayetaka kuanza, aanze na macho yake. Achague usiku wa Februari usio na mbalamwezi, kadiri ya saa tatu, atoke nje aelekee mashariki na kaskazini kidogo. Autafute mundu. Ahesabu kutoka Regulus: moja, mbili, tatu. Taa ya uani izimwe kwanza, na macho yapewe robo saa kulizoea giza.